Jumamosi Wanafukua Kaburi Ambalo Halina Mtu

Admin, nisitiri jina, maana huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni baba wa miaka sitini na saba, mkulima wa mahindi na maharage upande wa Endasak. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie makosa.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa fundi wa karakana. Vita ilipokwisha, wanajeshi walileta silaha kwenye ghala letu ziandaliwe kuhifadhiwa. Mafundi tuliazimwa kwa sababu grisi tulikuwa tunaijua. Wiki mbili nzima tulifuta bunduki kwa mafuta ya taa, tukazikausha, tukazipaka grisi, tukazifunga kwa karatasi ya mafuta na kuzilaza kwenye masanduku. Mabomu ya mkono nayo yalikuwa na masanduku yake. Siku ya mwisho yote yakapigiliwa misumari na kutiwa lakiri. Nikiwa nakusanya matambara, nikaona bomu moja limebaki chini yake.

Sisi wa karakana tulikuwa na tabia yetu. Ukimaliza kufunga kombaini, nati ikabaki mkononi, hufungui mashine upya. Unaitia mfukoni bosi asiione, maisha yanaendelea. Sajenti akaniuliza, "Fundi, kila kitu kimeingia?" Nikajibu, "Ndiyo, afande." Nikalitia bomu mfukoni kama nati. Mpumbavu mimi!

Nilipofika nyumbani ndipo akili ikanirudia. Kulirudisha ni kukiri wizi, tena wa silaha. Nikalipaka grisi, nikalifunga karatasi vilevile tulivyofundishwa, nikalizika nyuma ya zizi Jumapili watu wakiwa kanisani. Mke wangu aliporudi akakuta udongo mbichi, akauliza. Neno lililonitoka ni kwamba pale alizikwa mdogo wangu aliyefariki akiwa mchanga, nami nimelitengeneza kaburi lake. Wazazi wangu walishafariki, na mimi ndiye mkubwa, hakuna wa kunikanusha.

Ndugu zangu, uongo ule una miaka zaidi ya arobaini sasa. Mke wangu alipanda maua pale. Kila Pasaka anapalilia huku akiimba, na mimi nasimama mbali, macho kwenye jembe lake.

Mwezi huu mwanangu wa kwanza amerudi kujenga nyumba. Shimo la choo amelipima palepale. Nikakataa, nikamkumbusha kaburi. Akaniambia kwa upole, "Baba, nimekuelewa. Baba mdogo hatuwezi kumweka chini ya choo. Tutamhamisha kwa heshima, nimeshaongea na mwinjilisti." Jumamosi ndugu wote wanakuja. Vijana wanne watashika sururu, na wajukuu zangu wanafundishwa wimbo wa kuimba wakiwa wamelizunguka shimo.

Naogopa jamani. Nikisema, naogopa polisi, na kuliko polisi naogopa uso wa mke wangu. Nikinyamaza, sururu itashuka. Juzi nilikwenda na jembe nilifukue mwenyewe, nikaogopa kulishusha jembe, nikarudi ndani nikasingizia mgongo. Watu watasema limeshaoza. Haliwezi kuoza. Ile grisi niliipaka mimi, na kazi yangu naijua.

Jana mke wangu alikuwa anashona kitambaa cheupe cha kufungia mifupa. Akaniuliza, "Baba Emanueli, mtoto alikuwa anaitwa nani? Tunataka kuandika kwenye msalaba." Nimemlilia huyo mtoto mbele yake miaka yote hiyo, na jina sikuwahi kumpa. Nilimwambia nitakumbuka.

Leo ni Alhamisi. Nishaurini, nifanye nini, na nianze kumwambia nani?