Samaki Aitwaye Agiza

Kuna Jumamosi moja ya Karungu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Jana nilikusikia ukimwambia mteja kwenye simu kwamba tovuti yako haina shida, ni yeye asiyejua kubonyeza. Maneno hayo hayo yaliwahi kunitoka mimi. Kaa basi nikusimulie. Wala usinitazame hivyo. Mvi zangu ni chache, lakini katika kazi hii ya kompyuta mtu huwa mzee mapema.

Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu ili nijifunze kuunda tovuti, na baba yangu hakupendezwa hata kidogo. Aliyenitetea ni dada yake, ambaye nilimwita Waya, kama sisi Waluo tunavyomwita shangazi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza samaki pale Karungu, kando ya ziwa. Akamwambia baba, "Mwache atengenezee kikundi tovuti. Wamama wakiikubali, aendelee na kompyuta yake. Wakiikataa, Jumatatu anarudi chuo." Baba alikubali upesi mno, maana alikuwa na hakika wataikataa.

Nilijitahidi, usione hivi. Kila samaki alikuwa na ukurasa wake: ngege, mbuta, omena, na picha na bei. Unajua programu zetu zinavyofanya. Kila ombi huja na anwani yake, na programu huipitisha anwani hiyo kwenye orodha ya njia ulizoandika, kutoka juu kwenda chini. Njia ya kwanza inayolingana nayo hulichukua ombi na kulipeleka kwa kipande cha programu kitakacholihudumia. Zilizo chini yake haziulizwi tena. Mimi niliandika hivi: ikija anwani yenye samaki, kisha jina lolote, fungua ukurasa wa samaki mwenye jina hilo. Nikajaribu ngege, nikajaribu mbuta, nikajiona fundi kwelikweli. Asubuhi ya Jumamosi yenyewe, siku ya kuwaonyesha wamama, ndipo nilipokumbuka kwamba mteja lazima aweze kuagiza! Nikaongeza njia moja ya haraka, samaki kisha agiza, nikaiweka chini kabisa ya orodha, nikafunga kompyuta na kupanda boda. Sikuijaribu.

Akina mama walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa, na baba yangu nyuma yao, amekunja mikono. Waya akaifungua tovuti kwenye simu yake. Picha zikasifiwa. Mbuta akapigiwa makofi. Kisha Waya akabonyeza Agiza, akaisogeza simu mbali na macho, na kusoma kwa ile sauti yake ya kusomea Biblia: "Hakuna samaki anayeitwa Agiza."

Mama mmoja wa mbele akashika kidevu. "Sasa hiyo Agiza ni samaki gani? Mimi nimeuza samaki ya hii ziwa miaka yote, hiyo sijawahi kuona."

"Labda ni ya upande wa Uganda," mwenzake akamjibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Badala yake nikaanza kulaumu. Nikasema netiweki ya Karungu ni mbaya. Nikasema simu ya Waya ni kuukuu. Mwisho nikasema, tena kwa ukali, "Waya, umebonyeza vibaya. Nyinyi hamjazoea hizi vitu."

Kicheko kikakatika. Nikamwona baba akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Waya hakupandisha sauti. "Nyar owadwa," akaniita, yaani binti wa ndugu yangu, "mimi nimekuja na shida yangu, nimebonyeza penye umeniandikia. Kosa yangu ni gani? Wewe ndiye umesimama kwa geti. Kwani umesahau viazi?"

Nani angesahau viazi! Mwaka mmoja kabla ya hapo wakwe walikuja kwetu kuleta mahari ya dada yangu. Waya ndiye aliyekuwa langoni akipokea wageni, na alipoenda kula akaniachia mimi nafasi yake. Nilijua mambo mawili tu: wanawake waliokuja kusaidia wanaenda jikoni, na wakwe wanaenda sebuleni. Akaja mama mmoja nadhifu, amechelewa nyuma ya wenzake. Mimi nikaona mwanamke, basi, nikamwelekeza jikoni. Kumbe ni shangazi wa bwana harusi, kutoka Uriri. Akapewa kisu na beseni, na kwa heshima ya ukwe hakusema neno. Alidhani ndiyo desturi ya kwetu. Alikuwa amemenya viazi nusu beseni Waya alipomkuta. Waya alipiga magoti kuomba msamaha, kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana wasianguke.

"Mimi pale kwa geti huuliza nini kwanza?" Waya akaendelea.

"Unauliza kama ni mkwe."

"Na kama si mkwe?"

"Ndio unauliza kama..." Hapo niliiona orodha yangu yote mbele ya macho: jina lolote liko juu, agiza iko chini. Jina lolote lilikuwa likimchukua kila mgeni aliyefika. Agiza alikuwa mkwe wangu, nami nilikuwa nimempeleka jikoni kumenya viazi.

Nikafungua kompyuta pale pale kwenye benchi, nikauondoa ule mstari wa chini na kuuweka juu ya ule wa jina lolote. Kazi ya dakika mbili. Kisha nikasimama. "Mnisamehe. Kosa ni langu, si la Waya wala la simu yake." Hayo yalikuwa magumu kutamka kuliko kazi yenyewe.

Waya hakubonyeza tena. Alimpigia yule mama wa Uriri na kumwomba aagize kitu kwenye tovuti. Tukangoja. Baba akatazama saa yake. Mara oda ya kwanza ikaingia kwenye kompyuta, nikaisoma kwa sauti: "Omena debe mbili. Nitachukua mwenyewe Jumanne. Viazi simenyi tena."

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani! Waya alicheza na simu juu ya kichwa. Baba alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi, na Jumatatu sikufungasha sanduku.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Njia yenye mgeni wake maalumu iandike kwanza, na ile ya kila mtu iwe ya mwisho, na uijaribu hata kama boda inakupigia honi. Lakini hilo mashine itakufundisha yenyewe. Kubwa ni kwamba mtu akikuletea haja yake akajikuta pasipomfaa, usianze kulaumu kidole chake. Anza na orodha yako. Yule mteja wa jana mpigie sasa hivi, mimi nikiwa hapa, umwombe radhi.

Na Nyasaye, Mungu wetu, akubariki kazi ya mikono yako. Anayebisha hodi kwako asirudi bure. Na siku wewe utakapofika kwa watu, akuwekee langoni mtu atakayekuuliza u nani kabla hajakupa kisu cha viazi.