Herufi Moja kwenye Kioo cha Saluni

Wiki iliyopita nilipita Troyeville, hapa Johannesburg, kumpelekea mtu mzigo, nikajikuta nimesimama mbele ya chumba kilichokuwa saluni ya Mama. Siku hizi wanatengeneza simu hapo. Kioo cha mbele ni kilekile, kirefu na chembamba, ila kimejaa matangazo ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine. Nilikitazama mpaka kijana wa ndani akaniuliza kama simu yangu imeharibika. Nikamwambia hapana, nikaondoka. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nasoma maneno yaliyofutwa nikiwa na miaka kumi?

Desemba ndiyo ilikuwa mwezi wetu, ndugu yangu. Mimi, Mama na Baba tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, nikiwa mdogo, na Mama alikuwa amejulikana mtaa mzima kwa mikono yake myepesi. Wanawake wa kila lugha walitaka kusukwa kabla ya kusafiri makwao. Ndege hadeda walipoanza kupiga makelele juu ya mabati alfajiri, Mama alikuwa tayari amesimama. Kazi yangu ilikuwa kufagia nywele, kuchemsha maji ya kuchovya ncha za misuko, na kukimbia spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Chumba kilinuka jeli na mvuke, na kutoka nyuma ikaja harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka taratibu. Alasiri radi ilipasuka, mvua ikapiga dakika ishirini, kisha jua likarudi kama vile halikuondoka.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa mabango, Mwislamu wa Tanga, mtu mzima wa kofia aliyeishi peke yake. Nusu ya maduka na makanisa ya mtaa yalikuwa na mwandiko wake. Angeweza kuvuta mstari mrefu kwa brashi bila rula, na usingeona mahali mkono ulipopumzika. Ila Kiingereza cha kuandika hakuwa nacho. Mama naye alisoma Kifaransa. Kwa hiyo Mama alipotaka salamu za Noeli kwenye kioo, kwa Kiingereza, ili wateja wenyeji wavutike, mwandishi nilikuwa mimi.

Fundi alinipa kipande cha boksi na kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MERRY XMAS. Nilikuwa nimeliona hivyo shuleni na madukani, na nililiona ni Kiingereza cha wenyewe, cha watu wasiohangaika kuandika CHRISTMAS nzima. Tena kioo kilikuwa chembamba.

"Ndilo hili lenyewe, mwanangu?" akaniuliza.

"Ndilo."

Alichora Jumamosi asubuhi, kwa nyekundu yenye kivuli cha kijani. Ndani ya saluni alikuwa amekaa kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, ambaye sote tulimwita Mama Prezida. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa. Fundi alipomaliza, wote wakatoka nje kusifia kazi. Mama Prezida akasoma, akasoma tena, na uso wake ukabadilika.

"Nani ametoa jina ya Yesu hapa?" akauliza.

Akaisogelea ile herufi. "X ni ile mwalimu anaweka mahali umekosa. Ni vile unakata kitu hutaki tena. Na aliyeikata ni huyu?" Akamtazama fundi kuanzia kofia hadi viatu.

Kisha aliingia ndani, akachukua kitambaa chake, akafunga kile kichwa kilichosukwa nusu, akaondoka. Wawili wa kanisani waliokuwa wakisubiri zamu wakamfuata. Mama alibaki ameshika kitana. Jioni ile alinisimamisha karibu na jiko.

"Ni weye ulimuandikia vile?"

"Hapana, Mama. Miye niliandika jina yote."

Sijui uongo ule ulitoka wapi haraka hivyo. Mama akanishika mkono, tukaenda kwa fundi. Kile kipande cha boksi kilikuwa mezani kwake, kati ya mikebe, na mwandiko wangu ukionekana wazi. Mama alipoanza kuuliza, niliona fundi akiweka kiganja chake juu ya boksi, polepole, kama mtu anayeegemea meza.

"Ni mimi, dada," akasema. "Kioo kilinibana, nikafupisha. Nisamehe." Mimi hakunitazama kabisa. Akachukua wembe, akaenda kukwangua maneno yote kabla giza halijaingia.

Nilidhani yameisha. Juma lile hakuna mama hata mmoja wa kanisa letu aliyekuja kusukwa. Kanisa lilikuwa limemwagiza fundi bango la Noeli. Wakatuma mtu kumwambia asiendelee. Jumatano vijana wawili wa kwaya walipita akiwa anachanganya rangi nje, mmoja akapiga teke mkebe, wakaenda bila kugeuka. Rangi nyekundu ilitambaa mpaka mlangoni petu. Fundi aliimwagia maji na kusugua. Nilichukua ufagio nikamsaidia. Nilitaka aniambie neno baya. Aliniambia tu niangalie viatu vyangu.

Kisha likaja agizo la Mama Prezida: aliyeandika aje ajieleze mbele ya akina mama. Mama aliogopa, akamsihi fundi asiende. Lakini Jumapili, ibada ilipokwisha, tulimkuta amesimama kwenye ua wa ukumbi tuliokuwa tukiukodi kwa ibada mtaa wa Bertrams, kanzu yake imepigwa pasi. Watu walimzunguka. Wale vijana wawili walikuwa mbele. Akaanza kusema, "Mama zangu, nimekuja kuomba radhi," na hapo miguu yangu ikanipeleka katikati kabla sijaamua.

"Ni miye niliandika," nikasema. "Yeye alifuata mwandiko yangu."

Nilisikia Mama akivuta pumzi nyuma yangu.

Mchungaji wetu ndiye aliyejibu. Alikuwa amesomea mambo ya Biblia. Akachora herufi vumbini kwa ncha ya kiatu, akaeleza kwamba kwa Kigiriki jina Kristo linaanza na alama inayofanana na X, na kwamba Wakristo wa kale waliitumia kwa heshima. "Mtoto hakumtoa Yesu," akasema. "Alimwandika bila kujua."

"Sawa, Mchungaji," akajibu Mama Prezida. "Lakini wateja ya saluni si Wagiriki. Mutu ya hapa akiona X anaona kosa. Jina ya mutu ninayemupenda siwezi kuikata kwa sababu nina haraka."

Fundi akaomba kusema. "Namwelewa mama huyu. Kwetu tukimtaja Mtume tunamwombea rehema, na wako wanaoandika dua ile kwa herufi tatu tu. Masheikh wengine hukasirika, wanasema kama unampenda, andika yote. Baba yangu alikuwa hivyo. Ningeijua maana ya neno hili, ningeliandika lote."

Mama Prezida hakuomba msamaha. Lakini Jumanne alikuja kumaliziwa kichwa, kitambaa kikiwa bado kichwani, akamkuta fundi ameandika upya kioo chote, CHRISTMAS nzima, S ya mwisho imebanwa kwenye fremu. Alilisoma herufi kwa herufi, kisha akamsalimia.

Wengine hawakumsalimia. Neno kwamba Mwislamu amekata jina la Yesu lilikuwa limefika mbali, na habari kwamba ni mtoto aliyeandika haikulifuata. Makanisa yalipeleka mabango yao kwa wenye mashine. Kabla ya Pasaka fundi alihamia mtaa wa Newtown, halafu tukasikia amerudi Tanga. Sikuwahi kumwambia kwamba nililiona lile boksi chini ya kiganja chake.

Leo wanangu wanaandika Xmas kwenye simu, na hakuna anayegombana nao, hata mimi. Mara nyingine natamani mtu akasirike kidogo, kama Mama Prezida, kwa ajili ya jina analolipenda.

Na kuna jambo sijakuambia. Kila Noeli, kuku wetu alikuwa akichinjwa na fundi, ili naye aweze kula mezani petu. Noeli iliyofuata Mama alinunua kuku, akatoka naye mbio kwa mazoea, kana kwamba fundi bado yupo, akagonga mlango wa jirani. Akafungua mtu tusiyemjua. Mama alimwomba radhi, akarudi ndani, akakaa na yule kuku mapajani muda mrefu, akimpapasa mabawa, mpaka Baba akaja kumtoa kuku mikononi mwake.