Sakafu ya Mama Inashuka

Mama alipovunjika nyonga kule Masisi, tulimleta kwangu Goma, na ngazi za nyumba yangu zikamshinda siku ya kwanza. Chini kulikuwa na gereji tu. Nikasema gereji itakuwa chumba chake. Akanijibu bila kupandisha sauti.

"Mutoto yangu, miye siwezi lala fasi ya motokari. Mutanirudisha kwetu."

Kwao hakukuwa tena na mtu wa kumtekea maji. Niliogopa. Nilijua akirudi tutamzika mapema. Nikamwomba angoje aone kwanza.

Mimi ni fundi wa sakafu, na mzuri. Nilinunua sokoni Birere mbao za plastiki ngumu, rangi ya mti, zile ambazo kila moja ina ulimi unaoingia kwenye mwenzake. Shida ilikuwa moja: sakafu ya gereji ilimwagwa ikishuka kuelekea lango, ili maji yatoke. Mdogo wangu akaweka nivo, kile kipimo cha usawa, chini, akatikisa kichwa.

"Tumwange beto huku chini, ikuwe sawa."

"Na lango litafunguka namna gani?" nikamuuliza, maana letu hufungukia ndani, na zege lingelizuia.

Mbao hizi hazijali mteremko, zinachukia vinundu. Nikapitisha rula ndefu ya alumini kona hadi kona. Palipoinuka nikapasaga, palipobonyea nikajaza saruji laini. Nikaanza kupanga langoni, nikipanda, ili kila safu iegemee iliyo chini yake. Ukutani kote niliacha nafasi ya upana wa kidole, mbao zipate pa kutanukia joto likija. Ilinichukua siku mbili, na hakuna ubao hata mmoja uliolia nilipoukanyaga. Nikaingiza kitanda, nikatundika pazia.

"Hakuna mutu atajua kama inashuka," nikamwambia mdogo wangu.

Mama aliingia na fimbo yake. Mfuko wake wa nguo, ambao hakuwahi kuufungua tangu afike, aliuacha mlangoni. Alipiga hatua nne akasimama.

"Inashuka."

"Kidogo tu, mama."

Nilitaka kumweleza habari za lango na maji, nikaacha. Huyu amezaliwa mlimani, amelima mlimani, na mimi nilidhani nitaidanganya miguu yake. Nikaona aibu.

Akakitazama kitanda.

"Nani aliweka kichwa huku chini?"

"Ni miye, mama."

"Mutu analalaka kichwa huku juu. Na weye ni mutoto wa Masisi."

Nilikuwa nimepima kila kitu humo ndani isipokuwa hicho. Mdogo wangu akacheka kimya kimya, akashika upande mmoja wa kitanda, mimi nikashika wa pili, tukakigeuza. Mama akaketi, akavua viatu, akazipapasa mbao kwa nyayo. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea mlangoni.

"Mulete ile mufuko," akasema. "Muifungue."