Chupa Niliyotaka Baba Aichukie

Mchumba wangu alinipa kazi ile akidhani ananiheshimu. "Chagua weye mwenyewe," aliniambia, "unajua ile papa anapenda." Kweli nilijua. Pombe ya baba ningeweza kuichagua nikiwa nimefumba macho, maana utoto wangu wote harufu yake ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuingia mlangoni, yeye mwenyewe akifuata nyuma.

Kwetu Wakongo, hata tukiwa huku Johannesburg, siku ya mahari baba wa binti huletewa chupa ya wiski. Wala si ya kuweka kabatini. Hufunguliwa palepale mbele ya watu, binti humimina glasi, humpa baba yake kwa mikono miwili, na baba humuuliza mara tatu: ninywe? Binti akisema kunywa, amemkubali mwanamume. Baba akishameza, mambo yamekwisha. Binti akisema usinywe, wageni hukusanya vitu vyao na kwenda zao, na maneno yao huwafuata watu wa nyumba ile miaka na miaka. Ni mila nzuri, siikatai. Nasuka nywele hapa Bellevue, nimewasuka maharusi wengi na kualikwa kwenye mahari zao, na kila glasi ile ikinyanyuliwa machozi hunilengalenga. Ila walioianzisha hawakumjua baba yangu.

Baba ni fundi cherehani. Alikuwa pia mlevi, na sisemi mnywaji, nasema mlevi. Suti za watu alizikata mikono mirefu miguu mifupi. Asubuhi moja mimi na mama tulimkuta amelala karibu na roboti za barabarani, magari yanasimama taa ikiwa nyekundu, yanaondoka ikiwa kijani, na yeye kakumbatia suruali ya mteja. Mama alimfunika kwa kitenge chake, tukakaa pale kando ya barabara mpaka alipoweza kusimama. Nilikuwa na sare ya shule. Nilimchukia siku ile, na nilichukia zaidi kwamba sikuweza kumchukia sawasawa.

Aliacha kwa ajili ya kidole. Alikuwa akishona amelewa, sindano ya cherehani ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, na yeye akacheka. Hakusikia maumivu. Alipopata fahamu vizuri na kuuona mkono umefungwa, aliingia chumbani akafunga mlango, na alipotoka hakunywa tena. Ukucha ule umeota umegawanyika mara mbili mpaka leo. Tangu hapo hata dawa ya kikohozi haigusi kabla sijamsomea maandishi ya kwenye chupa.

Kwa hiyo niliposikia neno wiski, nilimwomba mchumba wangu walete soda, kama wanavyofanya watu wengi wa makanisa. Alikwenda kwao Rosettenville kumuuliza baba yake mkubwa, ndiye aliyemlea na ndiye msemaji wa ukoo, akarudi na jibu. "Baba mukubwa amekasirika. Anasema, munataka nipatie muzee Fanta sawa mutoto?"

Ningeweza kumweleza sababu. Mama ndiye aliyenikataza.

"Unataka bajue nilizaa na mulevi?" alisema. Alikuwa akichambua majani ya sombe, hakuinua uso. "Watakutazama weye na mitoto yako hivyo hivyo. Papa atagusisha kwa mudomo, ataweka chini. Bon."

Nilimwendea baba mwenyewe kwenye cherehani yake. Naye alinijibu bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Usinipatishe haya mbele ya bakwe. Glasi moja haiui muntu."

Glasi moja! Maneno hayo hayo alikuwa akimwambia mama zamani, kwa sauti ile ile. Nilitoka nje nikasimama uani, nikiwa na hasira na mila, na baba mkubwa wa watu, na baba yangu, na mimi mwenyewe kwa kupenda mtu mwenye ukoo unaojua mambo.

Nilikwenda kununua mbali, duka kubwa la pombe upande wa Newtown, ili asinione mtu wa kwetu. Sijawahi kuona chupa nyingi namna ile. Zilipangwa mpaka juu kama vitabu vya shule. Ile ya baba niliiona mara moja, rafu ya chini, lebo yake haijabadilika hata kidogo. Niliikazia macho kama mtu aliyekutana na mwanamke aliyewahi kumwibia mama yake mume.

Muuzaji alinifuata akaniuliza mzee wangu hupenda wiski ya aina gani. Nikamwambia natafuta ambayo hataipenda. Alicheka sana, akadhani natania. Nilipobaki nimemkazia macho, alikuna kichwa, akanipeleka kona ya mwisho akachukua chupa iliyokuwa imefunguliwa kwa ajili ya wateja kuonja. Hii, alisema, ina moshi. Wengine wanaiabudu, lakini wengi wakionja mara moja hawarudi, wanasema inanuka hospitali.

Nilinusa. Ilinuka bandeji iliyoungua. Ilinuka kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukitia mdomoni kwa hiari yake, na moyo wangu ulifurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipochumbiwa. Nilimwazia baba akikunja uso, akimeza kwa shida, akirudisha glasi, basi, mila imetimia na pombe imemshinda. Tena chupa yenyewe ilikuwa ya kifahari, na boksi lake gumu. Wakwe wangeona wameheshimiwa. Nilirudi Bellevue nimeikumbatia, nikampa mchumba wangu aje nayo, najiona mjanja.

Siku ilipofika tuliazima viti kwa wapangaji wa vyumba vyote vya nyumba yetu, watu wakakaa mpaka koridoni. Baba mkubwa alikuja na suti na kofia, akaizungusha chupa mkononi akiisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama aliniangalia mara moja tu. Nilimimina kidogo kadiri nilivyoweza bila kuonekana mchoyo, nikapiga magoti mbele ya baba, nikampa kwa mikono miwili.

"Mwana yangu," alisema kwa sauti ya sherehe, "hii pombe nikunywe?"

"Kunywa, papa."

Wanawake walipiga vigelegele. Baba aliisogeza glasi karibu na uso, nami nikasubiri akunje pua.

Hakukunja. Alifumba macho. Mabega yake, ambayo tangu asubuhi yalikuwa yamekaza chini ya koti, yalishuka.

"Makala," alisema polepole, kama anaongea peke yake. "Inanuka pasi ya makala."

Nikaelewa. Baba alijifunza ushonaji Likasi, kwetu Kongo, akiwa kijana, kwenye karakana ya mjomba wake, kwa pasi ya makaa na kitambaa kilicholowa maji. Habari za karakana ile ndizo habari pekee anazosimulia akitabasamu. Katika chupa zote za duka lile, mimi nilikuwa nimemchagulia ile yenye harufu ya ujana wake.

"Nikunywe?" aliuliza mara ya pili, macho bado yamefumba.

"Kunywa," nilisema, lakini sauti ilinitoka ndogo hata baba mkubwa akainama kunisikiliza.

Baba alifumbua macho akanitazama. Glasi ilikuwa inatetemeka mkononi mwake, wiski inagonga ukingo. Alipouliza mara ya tatu hakutumia sauti ya sherehe. Aliniuliza kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kujua, na niliona kwamba hakuna mwingine chumbani mle ambaye angeweza kumuuliza.

"Nikunywe, mwana?"

Nyuma yangu alikuwapo mwanamume ninayempenda. Sikugeuka kumtazama, maana ningemtazama nisingesema.

"Usinywe, papa."

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Nilisikia kiti kikisukumwa, nikaona viatu vya baba mkubwa vikisimama, na mkono wake ukichukua kofia. Mchumba wangu aliniita jina langu mara moja, kwa mshangao.

Baba aliiweka glasi sakafuni, mbali na miguu yake. Akasimama, akanyanyua kidole chake chenye ukucha uliopasuka ili kila mtu akione.

"Bakwe, muikale," alisema. "Mutoto hakukatala bwana. Anakatala pombe. Mimi niko mulevi. Niliacha, lakini mpaka leo niko. Muulize hii kidole."

Jambo ambalo mama alilificha miaka yote kwa wakwe, kwa kanisa, kwa majirani wa chumba cha pili, yeye alilitoa mbele ya watu waliokuwa wamejaa mpaka koridoni, akiwa na suti aliyojishonea. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile, wala fahari namna ile, vyote kwa pamoja, mpaka nikashindwa kuinuka pale nilipopiga magoti.

Baba mkubwa aliirudisha kofia mahali pake. Alimwita mama. "Muletee muzee Fanta," alisema, akakaa.

Kwa hiyo niliolewa kwa Fanta. Baba aliuliza tena mara tatu, nikajibu mara tatu, akanywa glasi nzima bila kupumua, na vigelegele vikalipuka mpaka barabarani. Mama aliichukua ile glasi ya wiski kutoka sakafuni akaimwaga jikoni. Chupa walirudi nayo Rosettenville.

Watu walipoanza kuimba na kucheza, nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kona, nyuma ya cherehani, watu wamempa mgongo. Glasi ilipokuwa inatetemeka, wiski kidogo ilikuwa imemdondokea mkononi. Nilimwona akiinua kile kidole taratibu, akakipeleka puani, akafumba macho, akakiacha hapo.