Gunvor, mdadisi aliyekataa kusema alichoambiwa na marehemu

Saa tatu asubuhi, jua la Machi likiwa bado linajivuta nyuma ya misonobari, Gunvor Lidström anazima gari mbele ya nyumba nyekundu ya mbao kijijini Tallberget. Habishi hodi. Anafungua mlango, anavua viatu na kuita, "Nimefika! Kahawa iko wapi?"

"Inachemka tangu Krismasi," sauti nzito inajibu kutoka jikoni. "Funga mlango, unanimalizia joto!"

Gunvor, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ni mdadisi wa taasisi ya utafiti wa uchumi ya chuo kikuu kimoja cha pwani ya kaskazini mwa Sweden. Taasisi hiyo imekuwa ikizifuatilia kaya zilezile kwa miaka mingi, ione watu wanaishije pale kiwanda cha mbao kinapofungwa, duka linapohama na watoto wanapokimbilia kusini.

Maprofesa huchambua majibu. Gunvor ndiye anayekwenda kuyatafuta jikoni kwa watu.

"Mume wangu husema nalipwa kwa kunywa kahawa," anasema akicheka. "Namwambia, hebu kunywa wewe vikombe vyote hivyo, halafu uendeshe gari juu ya barafu."

Zamani alikuwa karani wa posta. "Posta ilipofungwa, mimi mwenyewe nikawa takwimu," anasema. "Ndipo nikaona afadhali niwe upande wa wanaouliza."

Msimu wa majani kupukutika uliopita ulimjia vibaya. Mkurugenzi wa taasisi, Dk. Ylva Brännmark, alitangaza mpango wa kuacha ziara na kuwatumia watu maswali kwa mtandao. Ziara ni ghali, na kaya zilikuwa zikijitoa moja moja.

"Usingizi uliniruka," Gunvor anakumbuka. "Si mshahara tu. Niliwaza, nani atawajua watu hawa tena?"

Wiki hiyohiyo akapigiwa simu na Torvald Hedman, mwenye nyumba hii nyekundu, fundi wa zamani wa kiwanda cha mbao. Alitaka kujitoa. Mkewe, Maj-Britt, aliyekuwa akijibu kwa niaba ya kaya, alikuwa amefariki kiangazi cha mwaka huo.

Yaliyofuata anayasimulia Torvald mwenyewe, huku Gunvor akijifanya anatazama dirishani.

"Alipofika hapa nilimwambia tena, niondoe. Mimi nilikuwa bandani na mbao zangu, msemaji alikuwa yeye. Huyu mama hakubisha. Alifunga kompyuta yake, akaomba kahawa."

Wakanywa kikombe kimoja. Kisha Torvald akauliza jambo lililokuwa likimkera tangu mazishi.

"Kuna lile swali lenu la mwisho. Mtu anaridhika kiasi gani na maisha yake. Nikipita barazani nilikuwa nalisikia. Jibu sikulisikia. Alisema nini?"

Gunvor alilikumbuka jibu. "Ulimi uliniwasha," anakiri. "Mzee amekondeana, ananitazama kama mtu anayesubiri habari za hospitali. Neno moja tu lingetosha."

Lakini alikuwa amemwahidi Maj-Britt, kama anavyowaahidi wote, kwamba atakayoyasema hayatatoka na jina lake.

"Siwezi, Torvald."

"Amekufa, we mama! Nani atakushtaki?"

"Hakuna. Ndiyo maana siwezi."

Torvald akainuka, akaubamiza mlango, akaenda bandani. Gunvor alisikia randa ikikwangua mbao kwa hasira. Akaosha vikombe, akavaa koti, akatoka. Alikuwa ameshawasha gari Torvald alipogonga kioo.

"Na mimi nikijibu? Binti yangu wa Stockholm akija kukuuliza siku moja?"

"Nitamjibu hivihivi."

Torvald akavuta pumzi ghafla kwa midomo iliyobana, namna watu wa kaskazini wanavyosema "ndiyo". "Basi rudi ndani. Zima hilo gari, petroli si maji."

Walikaa mpaka jioni. Walipofika swali la mwisho, mzee alimwomba Gunvor ageukie dirisha kwanza, kisha akajibu.

Alijibu nini? "Muulize Gunvor," Torvald anasema, na wote wawili wanaangua kicheko.

Kwa ruhusa ya Torvald, Gunvor alimsimulia mkurugenzi kisa hicho. Ylva aliomba kupanda gari la Gunvor kwa wiki nzima, wazungukie kaya pamoja. Mwishowe mpango ukabadilika: vijana watajibu kwa mtandao, wazee wataendelea kutembelewa. Taasisi pia inaandaa utafiti mpya wa kuwafuata watoto wa kaya hizi waliovutwa na viwanda vipya vya pwani.

Gunvor ndiye atakayewafunza wadadisi wapya. "Maswali yameandikwa, hayo watayasoma," anasema. "Mimi nitawafundisha kunyamaza."

Na akistaafu? Ana ndoto moja: kura ya kuchagua kaya za utafiti iiangukie nyumba yake, akae upande wa pili wa meza.

"Nitaoka mikate ya iliki, nitachemsha kahawa, nitaongea mpaka huyo mdadisi aombe ruhusa ya kwenda kwao."

Torvald anamsogezea sahani ya jibini. "Maskini mtoto wa watu," anasema.