Majivu Katika Mwani

Mama mkwe wangu alitukimbilia Buterere kutoka Uvira, nyumba yake imechomwa, akiwa na bunda moja la nguo na kikohozi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja hiyo ya tatu. Asubuhi ya kwanza nilimpa ufito wa kukorogea mwani.

Si mwani wa baharini, bahari hatuna. Ni ule mdogo wa kidimbwini, spirulina, usio na jani wala mzizi, ukijani tu ndani ya maji. Nilikuwa na madimbwi mawili ya turubai nyuma ya nyumba, nikiuza mwani mkavu kwa kituo kimoja cha lishe, wakiutia kwenye uji wa watoto waliodhoofika.

Unadeka kuliko kitinda mimba. Jua likizidi, unaungua. Mvua ikiingia, maji yanapoa nao unalala chini. Usipokorogwa, wa juu unababuka na wa chini unakosa mwanga. Zaidi ya yote unataka maji makali, yenye utelezi wa sabuni. Makali yakishuka, vijidudu vinahamia na kuula. Kwa hiyo kila wiki nilitia bikabonati, yale magadi ya dukani, niliyonunua mtaa wa Asiatique.

Kisha bikabonati ikaadimika. Mwenye duka akawa ananikatalia kwa mkono kabla sijavuka barabara. Nilikaa wiki tano bila kutia kitu, nikingoja mwani ufe. Haukufa. Ulizidi kuwa mzito, hata kijiko cheupe nikikitumbukiza kilipotea papo hapo. Wenzangu wawili walikuwa wameshamwaga madimbwi yao. Nilivimba kichwa. Kanisani niliwaambia siri ni usafi, nikiwatazama usoni wajue nawasema wao.

Mama mkwe nilimchukia, niseme wazi. Nilichukia kikohozi chake, alivyokula polepole, alivyoniita mtoto wake nami si mtoto wake. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya ujenzi mjini Gitega, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo yule mzee alikaa kwa huruma yangu, na alijua.

Siku moja nilirudi sokoni mapema nikamkuta ameinamia dimbwi, anamimina kikombe cha maji ya rangi ya chai. Kando yake palikuwa na sufuria iliyotobolewa, imejaa majivu ya maganda ya ndizi.

"Unatia nini mu maji yangu?"

"Ni munyu ya majivu tu, mutoto wangu. Ile tunapikiaka maharagi. Niliona maji inakosa nguvu."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekataa."

Kweli ningekataa. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka: ananiloga, anatia sumu kwenye chakula cha watoto wagonjwa! Nilijua si mchawi. Lakini neno lilikuwa karibu na ulimi, na nilitaka aondoke.

"Sasa mi nitaenda wapi?" akauliza.

"Kwenye ulitoka."

Aliondoka na bunda lake. Mume wangu nilimwambia kwamba mama yake amependa kukaa na watu wa kanisa lake.

Siku ya tisa mwani ulianza kupauka, kisha ukakatika mabonge na kunuka. Mtaalamu wa kituo, mama mmoja mpole, alichovya karatasi yake ya kupimia, akatikisa kichwa.

"Makali imeisha. Ulikuwa unaweka nini pahali pa bikabonati?"

Nilimwonyesha ile sufuria ya majivu.

"Kama ni maji ya majivu, rudilia yale yale. Lakini na kipimo. Ikizidi, inaua."

Kipimo sikukijua. Nilikisia, na dimbwi la kwanza likafa siku hiyo hiyo. Likabaki moja. Ndipo nilipoanza kumtafuta mama mkwe.

Nilimkuta mtaa wa Gasenyi, kwenye kibanda cha uani kwa Mkongomani mwenzake, analala juu ya magunia. Alikuwa amekonda, na kikohozi kimeshuka kifuani. Aliponiona alisimama haraka, akashika ukuta.

"Mwani yetu haijambo?"

"Inakufa. Ulikuwa unaweka kikombe ngapi?"

"Kikombe moja kwa ndoo, kila siku ya tatu. Unachuja kwanza na kitambaa. Usiweke ikiwa moto." Alikuwa akisema huku anatupia nguo zake kwenye kitenge, akafunga fundo, akalivuta kwa meno likaze. Akawa anapapasa kwa mguu kutafuta kandambili zake.

"Apana, mama," nikamwambia. "Nilikuja juu ya kipimo tu."

Alibaki na bunda mkononi.

"Basi ukoroge saa sita," akasema, "jua ikiwa kali. Usisahau."

Nilimwambia sitasahau, nikaondoka kabla hajakaa tena.