Muhindi wa Mama Atieno

Hapa mtaani Baba Dogo naitwa Muhindi, ingawa nilizaliwa Nyeri, na aliyenipa jina hilo ni mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa mwenyekiti wa wapangaji. Jumamosi moja nikamsikia Mama Atieno akimwambia mwenzake bombani, "Muhindi yangu nimeificha nyuma ya nyumba. Watu wakiiona, wataichukua."

Papo hapo nikaita mkutano uani. "Wahindi hatuwataki hapa!" nikafoka. "Leo mmoja, kesho ukoo mzima! Na msidhani mtanificha, Muhindi mimi namjua kwa harufu tu!"

Mama Atieno akazunguka nyuma. Akarudi amebeba shina la mahindi, bichi, limezaa hindi moja nono. Akanisukumia puani mbele ya wapangaji wote.

"Haya, mwenyekiti. Nusa."